Mtu Aliyeosha Santuri za Baba

Wapo watu wanaowaonea wenzao wivu kwa sababu ya gari, au shamba, au mke. Mimi kwa miaka mingi nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya beseni. Lilikuwa beseni la plastiki, la kijani, la aina inayouzwa katika kila soko la Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, na mwenyewe hakuruhusu mtu afulie nguo wala aoshee mboga ndani yake. Beseni lile liliosha santuri tu. Na siku moja, mimi nikiwa mbali, liliosha santuri za baba yangu.

Mwenye beseni alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, nyumba zote sura moja, kila moja na kibaraza chake na mpapai wake. Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kuchora ramani za mgodi. Huku kwetu santuri tunaiita diski, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Tata wa Diski, yaani mzee wa santuri. Mama peke yake alimwita Jirani, basi, kana kwamba upande mwingine wa nyumba yetu hapakai mtu. Hilo nalo lilinikera.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilimaliza sekondari, nikajaribu ukarani, nikauacha. Nimepanga vyumba Kisenge, Dilolo, Likasi na Kasumbalesa, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilikotoka, kisha nilipopakumbuka mno nilifunga begi. Mtu kama yule, aliyekaa nyumba moja mpaka sakafu ikabonyea chini ya miguu ya kiti chake, alinifanya nitake kumtukana, na papo hapo nitake kuketi kwenye kile kiti.

Santuri aliyoinunua haikuingia ndani ya nyumba siku ile ile. Iwe imetoka sokoni, au kwa mjane aliyekuwa anahama, au kwa fundi wa redio aliyefunga duka, ililala kwanza kibarazani juu ya meza, kivulini, kwa sababu jua la Kolwezi huipinda santuri kama chapati. Jirani aliivua lile jalada la nje, akalinusa, akalitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo ili harufu ya panya na moshi iondoke. Karatasi ya ndani, ile ya zamani, aliitupa bila huruma. Halafu akavaa miwani, akaishika santuri kwa ukingo kati ya viganja viwili na kuigeuza polepole kwenye mwanga, akiusoma uso wake.

Maji yake yalikuwa ya mvua. Maji ya bomba, alisema, yana chokaa na yana mgodi ndani yake, na yakikauka huacha unga mweupe kwenye mifereji ambamo sindano inapita. Lakini si mvua yoyote. Mvua za kwanza za mwaka hushuka na vumbi lote la kiangazi na moshi wa kiwanda, na zile za paa huchukua kutu ya mabati. Kwa hiyo alingoja katikati ya masika, mbingu ikiwa imeshaoga yenyewe, ndipo akatoa sufuria na ndoo, akazipanga uani juu ya meza, mbali na paa, na kuketi kibarazani kuzitazama zikijaa. Wanawake waliopita walimcheka. Yeye aliwaamkia kwa heshima zote. Maji aliyahifadhi kwenye bidoni, madumu ya plastiki, zilizoandikwa DISKI kwa rangi nyeusi, na mwaka ule bomba la mtaa lilipokauka, watu wakawa wanakwenda na ndoo mpaka mtoni, alifungua bidoni zote na kuwagawia majirani maji yale mpaka tone la mwisho. Santuri alizonunua miezi ile zilikaa chafu kibarazani hadi masika mengine. Hakulalamika. Siwezi hata kumchukia vizuri, nikikumbuka jambo hilo.

Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi. Lebo ya katikati aliifunika pande zote mbili kwa vifuniko viwili vya mpira alivyokata kutoka tairi la ndani la lori. Sabuni ya vyombo, tone moja tu kwa beseni zima. Brashi ilikuwa ile ya kuchania nywele za watoto wachanga, na ilifuata mzunguko wa mifereji, haikukata kamwe. Alisuuza kwa maji mengine. Hakupangusa kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa huacha nyuzi. Alizisimamisha kwenye kichanja cha waya cha kukaushia sahani, na mtu aliyefika saa hiyo akazikuta wima, nyeusi, zikichuruzika, alidhani labda kulikuwa na karamu ya wachawi.

Baada ya hapo ndipo ramani zilipoingia. Kampuni ilipofunga ofisi yake ya wachoraji, iliwaambia wachukue ramani za zamani zilizobaki. Wenzake walichukua viti. Yeye alibeba nyumbani mabunda ya ile karatasi ngumu, angavu, ya kuchorea ramani, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kwa karatasi hiyo alishona mifuko ya ndani ya santuri zake. Ndiyo sababu ukiitoa santuri yoyote kwa Jirani ulikuta imelala ndani ya shimo la mgodi: ngazi za mashimo yaliyokwisha jaa maji, barabara za malori zilizoliwa na mashimo mengine, mishale, namba, na mwandiko wake mdogo wa ujana. Kisha santuri ikasimama kabatini, wima, si kwa kubanwa na si kwa kulegea, na haikuguswa kwa wiki nzima. Ukimuuliza kwa nini haipigi aliinua kidole tu.

"Bado iko nalala."

Alikuwa na maneno machache ya namna hiyo. "Shika kwa mukanda," maana yake ukingo. "Funga kinywa, usipumue," kwa mtu anayeinamia santuri kuisoma. Na lile alilolisema kila mchana, watu wote wakiwa wamenyamaza: "Tungoje bapasue kwanza." Kwa kuwa mgodini hulipua baruti mchana, na nyumba zetu zote hutetemeka, vikombe vinagongana, plasta inadondoka kama unga. Sindano ikiwa juu ya santuri saa hiyo huruka na kukwangua. Kwa hiyo gramafoni yake, ile ya umeme yenye kifuniko cha kioo, aliiweka juu ya ubao uliolala kwenye tairi la ndani lililojazwa upepo nusu, ili mtetemo uishie mle. Hata hivyo alingoja. Watu wa Kolwezi hawana saa moja inayowakubalisha wote, ila baruti. Na yeye aliitegea baruti saa yake ya kusikiliza muziki.

Lakini nisimfanye malaika. Gari lake la zamani, lililokufa uani, lilikuwa na vumbi jekundu nene hivi kwamba watoto walijifunzia hesabu kwenye kioo chake. Shati lake mara nyingi lilikuwa na mchuzi wa jana. Alikuwa mzee wa kanisa, kanisa linalokataza dansi, na kabati lake lilijaa muziki wa dansi kuanzia juu mpaka chini.

"Tata, na pasta anasema nini?" nilimuuliza siku moja.

"Pasta anasemaka tusicheze. Mi sichezake. Mi nasikilizaka."

Nilitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza peke yake, ndani ya kiatu kisichofungwa kamba.

Na subira yote aliyokuwa nayo kwa santuri hakuwa nayo kwa watu. Mtu akizungumza wimbo ukiwa unaendelea, aliinua sindano, akafunga kifuniko, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yako. Nimewaona wanaume wenye ndevu, mafundi wa mgodi, wakitoka kwake wamenywea kama wanafunzi waliofukuzwa. Mimi mwenyewe nimefukuzwa kwa kukohoa. Mama yangu tu ndiye aliyeruhusiwa kuongea. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni kila Jumapili baada ya ibada, yeye akitoka misa yake na Jirani akitoka kwenye kanisa lake, naye alizungumza juu ya waimbaji, juu ya magitaa, juu ya bei ya unga, na Jirani aliitikia kwa kichwa tu, sindano ikiendelea.

Siku moja niliwaendea kwa kisasi kidogo. Nilikuwa nimerudi tu kutoka Dilolo.

"Tata, mi nikikohoa unafunga. Mama anasema kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

"Mama anasema mu wimbo," alijibu. "Weye ulikohoa inje ya wimbo."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo nyumbani kwetu tangu baba alipofariki.

Baba alikuwa fundi wa malori makubwa ya mgodi. Alipokufa mimi nilikuwa bado shuleni. Gramafoni yake iliuzwa kwa ajili ya mazishi, na santuri zake zikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Kila nilipoondoka nilijiambia kwamba zipo. Sikuzifungua, sikuzihesabu, ilitosha kujua kwamba mahali fulani duniani kuna sanduku na ndani yake kuna kitu changu. Nilikuwa Kisenge mama alipomuuzia Jirani santuri zote. Nilirudi nikalikuta sanduku limejaa mahindi.

"Zilikuwa zinaoza, papa," mama aliniambia. Papa ndivyo anavyoniita, kama wanavyowaita huku watoto wao wa kiume. "Panya alishaanza kula makaratasi. Nilipaswa kufanya nini?"

"Kuningojea."

"Weye ulikuwa wapi?"

"Kisenge."

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo hivyo. "Yee alikuwa hapa."

Nilivuka barabara nikiwa bado na vumbi la safari. Jirani alinikaribisha, akanipa maji, akafungua kabati. Zilikuwa pale, rafu ya pili, zimesimama ndani ya ramani, safi kama siku zilipotoka dukani. Nadhani ningezikuta zimevunjika ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia kuzikuta zinang'aa.

"Tata, nimekuya juu ya diski za baba."

"Ziko muzuri. Unaona mwenyewe."

"Nataka kuzibeba."

"Kuzibeba wapi?"

"Kwangu."

"Na kwako njo wapi?"

Wakati ule kwangu kulikuwa chumba cha kupanga Likasi, paa linavuja, na nilikuwa nimeshaanza kukichoka. Nikamwambia Likasi.

"Mwaka ule ulisema Kisenge," alisema, si kwa kejeli. "Diski haina kitu ya safari, mwana. Mu begi inapinda, mu lori inapasuka. Siku utakuwa na ukuta yako, ukuta yenye inasimama, na weye uko pale, kuya. Nitakupatia zote za baba yako, na sitakuuliza hata kitu. Mbele ya hapo, hapana."

Nilimwambia ni santuri za baba yangu. Akaniambia ndiyo, na ndiyo sababu. Nikatoka bila kuaga, nikaenda Likasi, na njia nzima nilimtungia majibu.

Tangu hapo wivu wangu ulikuwa na anwani. Popote nilipokwenda niliwaza rafu ya pili. Nikiwa kibandani nakula, nawaza kwamba saa hii baruti zimeshalia Kolwezi na yule mtu ameketi, mguu unacheza, na sauti iliyokuwa ikijaza sebule yetu inajaza yake. Nilijaribu kumshinda kwa njia ya kijinga: nilianza kununua santuri. Kila mji niliopita niliuliza. Nilizipata, nikazibeba kwenye begi kati ya mashati, na nilipofika Kolwezi kweli zilikuwa zimepinda kama bakuli. Sikumwonyesha. Zilifunikia mitungi ya maji ya mama kwa muda mrefu.

Mara moja alinichukua kwenye ununuzi wake, mtaa wa Kasulo, ambako watu huchimba madini chini ya nyumba zao. Familia moja ilikuwa inahama kwa sababu walikuwa wamechimba chini ya chumba cha kulala na nyumba ilikuwa inashuka kwenye shimo lake yenyewe, na walikuwa wanauza kila kitu. Kulikuwa na vijana wachimbaji wamekaa juu ya magunia ya mawe ya madini, nyuso zao za kijivu kwa vumbi. Jirani alipotoka na bunda la santuri kifuani, mmoja wao akaita:

"Tata, hizo sahani bananunuaka na chakula yake, ao tupu?"

"Tupu," alijibu. "Chakula iko ndani, lakini ni ya masikio."

"Tupatie moja tufunikie sufuria."

"Weye unachimba chini ya kitanda ya mama yako unatafuta mawe. Mi natafuta sauti. Kati yetu nani mupumbafu?"

"Weye, tata. Sisi banatulipa."

Walicheka wote, na yeye akacheka kuliko wao, akasimama katikati ya barabara ya Kasulo, kati ya mashimo yaliyofunikwa kwa maturubai, akicheka mpaka nikaogopa ataangusha santuri. Kisha yule kijana aliyemtania akateremka, akanawa mikono kwa maji ya kunywa, akaomba aone moja. Jirani akampa. Akampa, mikononi, mtu aliyemwona dakika ile. "Shika kwa mukanda," akamwambia, na kijana akashika kwa ukingo kama aliyezaliwa akishika. Mimi siku ile nilikuwa na kazi moja: kusukuma baiskeli.

Ukweli ni kwamba kwa miaka yote hakuniruhusu kuosha hata moja. Niliomba. Nilikata kucha, nikanawa kwa sabuni mbele yake. Alitikisa kichwa. Halafu nikarudi kutoka Kasumbalesa, nikavuka barabara kumsalimu, na nani nikamkuta ameinamia beseni la kijani, mikono ya blauzi imekunjwa, brashi ya mtoto mkononi? Mama.

"Ingia, lakini funga mulango polepole," alisema bila kuniangalia. "Bumbi itaingia."

"Nani alikufundisha?"

"Jirani, nani tena."

"Mi alinikatalia kila mara."

"Juu ya mikono yako, papa. Inatokaka jasho." Aliisuuza ile santuri, akaisimamisha kwenye kichanja kwa uangalifu ambao hajawahi kuzipa sahani zake. "Njo alisema. Anasema mutu mwenye anafikiria kwenda, mikono inatoka jasho."

Kwa hiyo walikuwa wamenizungumzia. Waliketi Jumapili, baruti zikishalia, wakaizungumzia mikono yangu. Nililala vibaya wiki ile.

Kisha mgodi ukaja. Shimo lilikuwa linapanuka kuelekea kwetu kwa miaka, na siku ikafika watu wa mgodi wakapiga alama za rangi kwenye nyumba zote za upande wa Jirani wa barabara. Upande wetu waliuacha. Watu wa upande ule walipewa muda wa kuondoka, na binti wa Jirani, wa Lubumbashi, akamwambia baba yake aje akae naye, ghorofani, vyumba viwili na wajukuu. Kabati halingeingia hata mlangoni.

Mtu mwingine angeuza. Yeye alichukua pimamaji yake, ile ya waashi, yenye kiputo ndani ya kioo, akaanza kuzunguka mtaani akipima kuta. Aliwaambia watu waziwazi kwamba santuri zake zitakaa kwa mwenye ukuta ulionyooka. Ilikuwa burudani ya mtaa. Watu ambao hawajawahi kusikiliza wimbo mpaka mwisho walipiga plasta. Pasta wake alipima ukuta wa ofisi ya kanisa akakuta unaegemea, akanuna. Kwa kweli kuta zote za Kolwezi zinaegemea. Baruti haina upendeleo.

Nyingi ziligawanywa hivyo, huku na huko, kidogo kidogo. Lakini rafu ya pili haikutoka kabatini. Nilikuwa nimekuja kumwona mama kwa siku chache, na safari yangu ya kwenda upande wa Zambia ilikuwa tayari. Nilimwendea.

"Tata, za baba bado ziko?"

"Ziko."

"Unazipatia nani?"

"Nilikuambia zamani. Ao ulisahau mu begi?"

Sikwenda Zambia. Nilianza kujenga ukuta.

Ulikuwa ukuta wa chumba changu cha zamani nyumbani kwa mama, ambao ulikuwa na tumbo kama la mlevi. Niliuangusha, nikaujenga upya kwa matofali mapya, na juu yake nikafunga rafu ya mbao ngumu. Jirani alivuka barabara na pimamaji, akailaza juu ya rafu, akainama. Kiputo kikaenda zake pembeni.

"Inakimbia," alisema, akarudi kwake.

Nikabomoa. Nikajenga tena. Mama alipita na sufuria, akasimama kuangalia.

"Baba yako alinijengea jiko, haikunyooka hata siku moja," alisema. "Tulikula tu."

"Mama, niache."

"Mi nasema tu. Weye sikuonaka siku unafanya kitu mara mbili."

Mara ya pili ikakimbia kidogo. Nikaweka mhimili, nikachimba msingi chini kuliko nilivyotaka, nikaazima pimamaji ya fundi mmoja wa mtaani nikajipimia mwenyewe kila mstari wa tofali. Mvua zikaja, zikaisha. Sikuwahi kukaa Kolwezi mvua zikaja na kuisha tangu shuleni. Nyumba za ng'ambo zilikuwa zinaondolewa mabati moja moja, na ya kwake ilibaki karibu peke yake, kibaraza na mpapai.

Alipokuja mara ya mwisho alilaza pimamaji, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akangoja. Nikaelewa anangoja nini. Tulisimama wawili chumbani mpaka baruti zikalia, nyumba ikatetemeka, vikombe vya mama vikasemezana jikoni. Akainama tena. Kiputo kilikuwa katikati.

"Ukuta inasimama," alisema. "Na weye, utakaa?"

Kule jikoni mama aliacha kukoroga. Nilisikia mwiko umesimama.

"Nitakaa."

Ni neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisema mahali popote. Aliniangalia mikono, akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Alihama asubuhi. Lori la binti yake lilikuwa nje, limebeba kitanda, kiti, gramafoni ndani ya blanketi. Santuri za baba alizileta mwenyewe, akivuka barabara na chache chache kifuani, akikataa msaada wa kila mtu, na alizipanga mwenyewe kwenye rafu, si kwa kubana, si kwa kulegea. Nilimtazama nikiwa na furaha, na bado nikamwonea wivu jinsi zilivyomtii.

Akarudi mara moja zaidi. Safari hii alishika moja tu, na mfuko wake haukuwa kama mingine: karatasi ya ramani mara mbili, imefungwa kwa uzi.

"Hii sikuosha," alisema.

Nikadhani sikusikia. Mtu huyu aliosha hata santuri zilizovunjika kabla ya kuzitupa. Alifungua uzi, akaitoa kwa ukingo, akaielekeza dirishani. Juu ya mifereji, kuanzia lebo kuelekea nje, kulikuwa na alama ya kidole gumba, kikubwa, cheusi, cha grisi ya lori, kila mstari wa ngozi unaonekana. Palikuwa na kovu lililoikata alama hiyo katikati. Nililijua kovu lile.

"Zingine nilishaosha, niliona uchafu tu," alisema. "Sijue nilifuta nini. Hii nilifikia ya mwisho. Brashi ilikuwa tayari mu maji. Nikaona ni mutu."

"Na uliipiga?"

"Hapana. Sindano inalimaka, mwana. Ingepita juu yake mara moja, mara mbili, kidole inaisha. Niliinunua, sijaisikia."

"Miaka yote?"

"Yote. Na nilitafuta ingine kama ile, kila soko. Haiko." Aliirudisha ndani ya karatasi, akaniwekea mikononi, na hakuniangalia mikono kama ina jasho. "Mama yako aliombaka zote, Jumapili kwa Jumapili. Ile, hata siku moja. Nikaogopa kumuuliza."

Nje dereva alipiga honi. Jirani alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni bila kutoka.

"Inaimbaka namna gani?" aliuliza.

Mimi nilijua. Baba alikuwa akirudi kutoka gereji, kabla ya kunawa, kabla ya kumsalimu mtu, anaipiga hiyo, kila siku, na mama anamgombeza juu ya mikono yake michafu. Nilijua gitaa linaingilia wapi, mwimbaji anavuta pumzi wapi, mahali pale ambapo ngoma inachelewa kidogo kama mtu anayesita mlangoni. Yule mtu aliyesikia kila kitu cha baba, aliyesikia mama akicheka, hiki hakuwahi kukisikia.

Sikufanya haraka. Nilimwacha asimame. Honi ikalia tena, ndefu, na yeye hakugeuka, alinitazama tu mdomoni. Basi nikaiweka santuri rafuni, nikasafisha koo, nikaanza na gitaa, kwa mdomo.